Uchambuzi: Dizeli chafu, gari kuukuu na hesabu ya msafirishaji mdogo

Kwa mfanyabiashara anayevuka Namanga na pikapu ya vitunguu, gari kukosa nguvu mlimani si suala la ufundi tu, ni suala la mtaji. Vitunguu havisubiri fundi, mteja wa Nairobi hasubiri vitunguu, na dereva aliyelala njiani lazima ale. Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni uchafu mdogo ndani ya tangi la mafuta.

Wengi wa wasafirishaji wadogo katika ukanda huu hawaendeshi magari mapya. Wanaendesha Hilux zenye injini ya 2L au 3L, Land Cruiser za 1HZ na Canter za zamani. Magari haya yana sifa moja kubwa: pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa mitambo ya kawaida bila kompyuta, hivyo mwenye gari anaweza kusafisha sehemu kubwa ya njia ya mafuta nyumbani kwa spana chache. Udhaifu wake ni kwamba pampu ya Hilux na ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikiwa na maji au ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu inasagika.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Uchakachuaji haukuanza kwa sababu wauzaji ni watu wabaya, bali kwa sababu kodi ya bidhaa mbili zinazofanana ilitofautiana sana. Mafuta ya taa yalitozwa kidogo kwa ajili ya kumsaidia mtu wa kipato cha chini, na tofauti hiyo ikageuka faida ya anayechanganya. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, ili yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani yatambulike na yale yanayokwenda nchi jirani au yenye msamaha wa kodi. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilo hilo.

Hatua hizo zilipunguza kishawishi, lakini hazikufuta madumu ya barabarani. Dizeli iliyonyonywa kwenye lori la mtu bado inauzwa usiku kwa bei ya chini, na hakuna anayejua dumu lile lilibeba nini jana yake. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Ila usafishaji unaotoa salfa hupunguza pia ulainishaji wa asili, na ndiyo maana huongezwa dawa ya kulainisha. Ukichanganya mafuta ya taa, unazimua na ile dawa.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa pikapu yake mwenyewe. Baada ya lita 20 za dumu, gari lilianza kuzima kila kilima. Fundi wa kwanza alitaka kufungua pampu siku hiyo hiyo. Fundi wa pili alifungua nati ya chini ya filta, na maji yakatoka karibu nusu kikombe. Tofauti ya gharama kati ya mafundi hao wawili ilikuwa kubwa kuliko faida ya safari nzima.

Kabla ya kufungua chochote, soma moshi. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo: angalia kwanza filta ya hewa, kisha nozeli. Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua, na huenda ni hita plagi, nozeli au kompresheni. Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua, na hakuna usafishaji wa njia ya mafuta utakaoutibu. Gari linalowaka kisha kuzima mara nyingi linavuta upepo kwenye mpira au kiungo cha bomba. Linalokosa nguvu mlimani, shuku filta.

Kazi yenyewe ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, na sigara ziwe mbali. Subiri tangi likaribie kuisha. Magari mengi ya zamani yana nati chini ya tangi. Fungua na kinga kwa chombo safi. Weka kiasi kwenye chupa inayoonesha na uiache usiku mzima. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Ukiona utelezi mweusi kati yake, ni vijidudu vinavyoishi penye maji. Suuza tangi kwa lita chache za dizeli safi, si maji na kamwe si petroli, hadi itoke bila takataka.

Kisha badilisha filta. Wengi hujaza filta mpya kwa mafuta ya dumu kabla ya kuifunga ili gari liwake haraka. Ni kosa, kwa kuwa mafuta hayo yanaweza kuingia upande wa pampu bila kuchujwa. Paka dizeli kidogo kwenye mpira wa filta, funga kwa mkono, kisha tumia pampu ndogo iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Kama gari bado haliwaki, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli, mwenzako apige stata, na mapovu yakiisha kaza. Usikinge kwa kidole: mafuta yenye shinikizo yanaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali. Njia hii isijaribiwe kabisa kwenye magari mapya ya mfumo wa komoni reli, ambako shinikizo huzidi baa 1,000.

Dawa za kusafishia zinazouzwa madukani husaidia kulainisha utando, lakini utando huo ukibanduka unaishia kwenye filta. Ukitumia dawa, panga kubadilisha filta tena baada ya safari chache. Nozeli zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na pampu isifunguliwe uani.

Sasa tupige hesabu. Tuseme dumu linakupunguzia shilingi 200 za Tanzania kwa lita. Kwa tangi la lita 60 umeokoa shilingi 12,000, na kwa safari nane za mwezi ni 96,000. Muulize fundi wako bei ya kupima nozeli nne na kubadilisha ncha zake, ongeza bei ya kutengeneza pampu, kisha ongeza mapato ya siku ambazo gari litasimama. Anayeweka hesabu hiyo kwenye daftari hupata jibu bila kuhitaji mchumi.

Kwa hiyo ulinzi wa bei nafuu kuliko wote ni wa kawaida: nunua kituoni na udai risiti, toa maji ya filta kila wiki, na usilaze gari na tangi tupu, kwa sababu unyevu wa usiku hugeuka maji ndani yake. Risiti ndiyo ushahidi wako mbele ya EWURA au EPRA mafuta yakiwa mabovu. Serikali zinaweza kuendelea kuziba mianya ya kodi, na zinapaswa kufanya hivyo. Lakini mpaka wa mwisho wa ukaguzi, baada ya Namanga na Holili, ni ule mfuniko wa tangi lako.