Nani Aliye Hatarini Zaidi?

Mwezi Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia wakiwa na shida ya kupumua. Wakati huo takwimu za UVIKO-19 hazikuwa zikitolewa nchini. Zilisimama Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mitaani ugonjwa uliitwa “changamoto ya upumuaji”, jina lililowafaa wote waliotaka kuzungumza bila kusema.

Hatukumbushi hayo ili kufufua malumbano. Lakini watu wasiohesabu wagonjwa wao hawawezi kujua ni nani anayezidiwa, na kwa nini. Ndiyo maana wako wengi hapa Buguruni wanaoamini hata leo kwamba kirusi kile kiliua kwa bahati nasibu. Sivyo.

Umri ndio unaotangulia. Kijana abebaye mizigo Kariakoo aweza kuambukizwa, akakohoa siku tatu na kurudi kazini, ilhali bibi yake, wanayelala naye chumba kimoja cha kupanga, akahitaji oksijeni. Hufuata kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na figo, unene uliopita kiasi, selimundu, na mapafu yaliyochoshwa na sigara. Mama mjamzito naye yumo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, kinga ya mwili hulegea na mishipa midogo ya damu huharibika, hivyo kirusi kikishuka mapafuni hakikuti wa kukizuia. Huko Western Cape, Afrika ya Kusini, watafiti waliona kuwa wenye Virusi vya UKIMWI, na vilevile wenye kifua kikuu, walikabiliwa na hatari ya kufa kwa UVIKO-19 takribani mara mbili ya wengine.

Hapa ndipo suala la haki linapoingia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la damu. Ugonjwa huo hauna kilio. Wengi huujua siku ya kuanguka. Kuupima ni kazi ya dakika chache, lakini kwa mama auzaye samaki sokoni, asubuhi ya kupanga foleni ni asubuhi ya kukosa riziki. Kumwita mzembe ni kumwonea.

Chanjo ilipoanza kutolewa Julai 2021, waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na wenye magonjwa sugu. Mpango huo ulikuwa sahihi. Ila mtu asiyejua kuwa ana kisukari atajitambuaje kuwa yeye ndiye anayeitwa?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Kirusi hakikuondoka, na homa ya mafua makali huwazidia karibu watu wale wale, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei watafute mhudumu wa afya na mashine ya kupimia presha na sukari, Jumapili moja kila mwezi baada ya ibada. Kila jumuiya ndogo ndogo ijue wazee wake wanaoishi peke yao. Na mgonjwa anayehema kwa shida, anayechanganyikiwa au ambaye midomo yake inabadilika rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Majibu ya vipimo ni siri ya mpimwaji. Yasitangazwe kanisani, wala yasiandikwe katika daftari la jumuiya.