Nakala Pekee Haitoshi, Tufundishe Watu Kurejesha Data

SAUTI YA KERIO
Na Ekai Lomuria

Maisha ya Turkana sasa yako ndani ya kompyuta. Rekodi za wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi huwekwa katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS na unaohifadhi data zake katika MySQL. Takwimu za afya huingizwa katika DHIS2, inayotumika nchi nzima tangu 2011. Familia zinazopokea fedha za mpango wa HSNP wa kukabili njaa zimo katika orodha ya kompyuta, na kule Kakuma mkimbizi hutambuliwa kwa rekodi iliyo kwenye mfumo.

Hifadhidata hizi zinahitaji walinzi, na mlinzi wa kweli ni yule anayejua kuzirejesha zikiharibika. Kuweka nakala ni kazi ya dakika chache. Kuirudishia hospitali rekodi zake zote, zikiwa sahihi, huku wagonjwa wakisubiri mlangoni, ni ujuzi wa juu unaohitaji mafunzo.

Chukua hali ya Lokori. Mji huu wa Turkana Mashariki umekuwa ukitegemea kituo kidogo cha umeme kilicho nje ya gridi ya taifa. Stima ikikatika ghafla seva ikiwa inaandika, MySQL kwa kawaida hujirekebisha inapowashwa. Lakini diski ikiungua, hakuna wa kuirekebisha. Ikiwa nakala ya mwisho ilichukuliwa usiku wa manane na diski ikafa saa tisa alasiri, kazi ya siku nzima imepotea. Isipokuwa msimamizi alikuwa amewasha kumbukumbu ya miamala na kuihifadhi kwenye mashine nyingine. Hapo ataweka nakala ya usiku, kisha ataurudia kila muamala uliofuata hadi dakika chache kabla ya hitilafu. Hilo ndilo somo la kwanza la mafunzo ninayoyadai.

Somo la pili ni kwamba seva pacha, inayonakili papo hapo kila badiliko la seva kuu, si nakala ya akiba, na nakala isiyojaribiwa si ya kutegemewa. Karani akifuta rekodi kimakosa, seva pacha nayo hufuta papo hapo. GitLab, kampuni ya kimataifa ya teknolojia, ilijifunza kwa uchungu Januari 31, 2017, mhandisi wake alipofuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva pacha. Kampuni ilikuwa na njia tano za kulinda data, na hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindikana kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia wahusika. Kampuni iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, na yaliyoandikwa katika saa hizo yakapotea. Kama wenye wataalamu wengi waliangukia hapo, sisi tunategemea nini?

Hasara kama hiyo ingetuumiza zaidi huku kwetu. Mjini Nairobi mgonjwa anaweza kupigiwa simu arudi kliniki. Mfugaji aliyechukua dawa Lokori mwezi uliopita huenda sasa yuko na mbuzi wake mbali na mtandao wowote. Rekodi yake ikipotea, daktari hajui tarehe yake ya kurudi, wala kiwango cha virusi alichopimwa mara ya mwisho. Na kuziandikisha upya familia za HSNP ni kuzunguka boma kwa boma.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Mturkana hakuweka mifugo yake yote katika zizi moja. Aliigawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au uvamizi ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Data nayo ihifadhiwe hivyo: nakala moja hospitalini, nyingine Lodwar, nyingine nje ya kaunti, zote zikiwa zimefungwa kwa msimbo ili siri ya mgonjwa isivuje.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataja uwezo wa kurejesha data kwa wakati baada ya ajali kuwa miongoni mwa hatua za kuzingatiwa.

Kwa hivyo naiomba serikali ya kaunti mambo matatu. Kwanza, mafunzo haya yafanyike hapa hapa. Lodwar kuna elimu ya chuo kikuu, na Loropio kuna kampasi ya Learning Lions inayofundisha vijana teknolojia kando ya ziwa. Pili, kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana ya urejeshaji. Tatu, kila robo mwaka mtu huyo achukue mashine tupu, arejeshe data yote, ahesabu wagonjwa, na aandike imemchukua muda gani.

Nawe mkuu wa kituo unayesoma haya, usimuulize fundi wako kama nakala ipo. Muulize aliirejesha lini mara ya mwisho. Akikosa tarehe, mpe siku moja wiki hii afanye zoezi hilo.