Weupe wa Peremende Usitupumbaze

Juzi mjukuu wangu aliniletea pakiti ya peremende nimfungulie. Zilikuwa nyeupe pepe, zinang'aa. Nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo ubavuni: E171. Hiyo ni titani dioksidi, unga wa kutia weupe. Sehemu ya chembe zake ni ndogo kuliko nanomita 100, ilhali unywele mmoja una unene wa nanomita zipatazo 80,000.

Ufaransa iliizuia kwenye vyakula tangu Januari 2020. Mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwani uwezekano wa kudhuru vinasaba haukuweza kuondolewa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku katika vyakula.

Sisemi peremende moja itamuua mtoto. Nasema rangi hii haina lishe wala ladha. Kazi yake ni kupendezesha macho tu. Kwa nini tubebe hatari kwa ajili ya weupe? Kinga ni bora kuliko tiba. Mamlaka zetu ziiondoe madukani, nasi tusome pakiti kabla ya kulipa.