Usifukuze sukari na mafuta, vipime tu

Wewe uliyeapa kuacha sukari na mafuta kabisa ili upunguze kilo, hebu tulia kwanza. Mimi nilijaribu. Wiki mbili za sukuma wiki ya kuchemsha na chai bila sukari, kisha Ijumaa moja nikafagia sahani mbili za chipsi. Kilo zote zikarudi.

Unakonda ukila kalori chache kuliko unazotumia, basi. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya sukari 4. Pima, usifukuze, bila mafuta, mwili haufyonzi vizuri vitamini A, D, E na K.

Anza na soda: nusu lita ina sukari kama vijiko 13 vya chai. Chapati mbili ziwe moja. Hiyo utaiweza hata Desemba ikifika.