Pemba Nyingine, Namba 1429

Wapemba wa Maskati, leo zamu yenu. Watoto wakiwauliza tena Pemba iko wapi, mna majibu mawili. La kwanza mnalijua. La pili ni kwamba Pemba iko juu, kati ya Mirihi na Mshtarii, inazunguka Jua.

Si mzaha. Ni asteroidi, yaani jiwe la angani lisilofikia kuitwa sayari, na jina lake rasmi ni 1429 Pemba. Iligunduliwa tarehe 2 Julai 1937 na Cyril Jackson, mwanafalaki (si mnajimu wa kupiga ramli!) wa kituo cha Union, Johannesburg. Enzi hizo walipiga picha ya sehemu ileile ya anga kwa nyakati tofauti, kisha wakazilinganisha. Nyota hubaki palepale. Kinachosogea ndicho kinachotafutwa.

Jackson alipenda kuyapa mawe yake majina ya Afrika. Mwaka 1933 aligundua yale yanayoitwa Kenya na Uganda. Kisha soma hizi kwa mpangilio: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1430 Somalia. Unguja haimo katika mfululizo huo. Waunguja, poleni. Na asije mtu akasema ni Pemba ya Msumbiji, maana mji ule wakati huo uliitwa Porto Amélia, na uliitwa hivyo hadi 1975.

Jiwe lenyewe ni dogo, kama kilomita 10 tu kwa upana. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, kwa hiyo hata ukiyapanga mawe sita ya namna hiyo, hujafika ncha ya pili. Mzunguko mmoja wa Jua huchukua takriban miaka minne. Kwa macho matupu halionekani.

Julai, kisiwani, ni wakati wa kuanza vuno la karafuu. Na mwaka ule wa 1937 karafuu zilikuwa na mambo: serikali ya Waingereza ilikipa chama cha wakulima mamlaka makubwa juu ya biashara, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, na huko India watu wakazisusia. Sidhani kama Wete au Chake kuna aliyepata nafasi ya kufikiria mawe ya angani.

Kwa nini nayaleta haya? Kazini kwangu wodini nawahudumia wazee waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, wengi wakafika hapa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Wakisikia Kiswahili changu hunishika mkono: "Mwanangu, wewe wa wapi?" Wajukuu wamekaa pembeni ya kitanda na simu zao. Wanadaka neno moja moja, wanajibu kwa Kiarabu. Kwao Pemba ni kitu walichoambiwa kipo.

Asteroidi nayo inaweza kupotea. Ile ya namba 719, Albert, iligunduliwa 1911, vipimo vya njia yake vikawa havitoshi, ikapotea mpaka mwaka 2000. Haikwenda popote, ilikuwa inazunguka kama kawaida, ila hakuna aliyejua aelekeze wapi darubini. Pemba ya Jackson haijapata mkasa huo, kwa sababu watu wameendelea kuipima na kuandika ilipo.

Basi mkiwa na mzee nyumbani, chukueni daftari. Msianze na historia kubwa, hiyo humchosha mgonjwa na huleta mabishano. Anzeni na majina: kijiji, mtaa, shamba, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Mwezi uliopita kijana mmoja alimwandikia bibi yake hivyo pale kitandani, kwa herufi za Kiarabu. Kangagani, Kojani, Micheweni. Bibi alikuwa amekataa chakula tangu asubuhi. Walipofika Ole akaomba uji.