Bach na kwaya za Upare
Wamisionari wa Kilutheri waliofika Upare mwanzoni mwa karne ya 20, akiwemo Jakob Dannholz wa Mbaga, walitumwa kutoka Leipzig, mji ambako mtunzi Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa kanisa kuanzia 1723 hadi kifo chake 1750. Wimbo wa Luther, Ein feste Burg (Ngome imara), wa karne ya 16, Bach aliutungia kantata nzima, yaani utungo wa waimbaji na ala. Walutheri wetu bado wanauimba kwa sauti nne, soprano wakishika wimbo, besi wakinguruma chini. Kwangu mimi, huo ni urithi wetu kabisa. Walimu wa kwaya wa Same, mnapoandika do-re-mi ubaoni, andikeni na jina la mtunzi na mwaka wake.