Foklifti Bila Vipuri ni Mtego



Mkubwa wa depo anaposema, "Tutanunua foklifti," wengi wetu tunafurahi. Mifuko ya simenti ya kilo 50 na mapipa ya mazuti ya lita 200 hayatatuumiza tena mgongo. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini tuulize kwanza: nani anatuuzia?

Ofisi nyingi huangalia bei tu. Kwa maoni yangu, hapa Kasongo na Kabambare bei ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: siku breki itakapokufa, muuzaji atatufikia kwa njia gani, na baada ya siku ngapi?

Tuangalie njia zetu. Reli ya SNCC inapita Samba, haifiki Kasongo mjini. Ukishuka Samba ni lazima uvuke Lualaba. Namoya iko karibu kilometa 225 kutoka Bukavu kwa mstari wa ndege, na barabara ni ndefu zaidi ya hapo. Mvua ikinyesha, lori linalala matopeni. Mwaka 2019 mgodi wa Namoya ulisimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Basi muuzaji asiye na akiba ya vipuri Bukavu, Kalemie wala Lubumbashi atatungojesha miezi.

Na wakati tunangoja, je, mashini inapumzika? Hapana. Mizigo inaendelea kuingia. Katika depo moja nilimofanya kazi zamani, breki zilikuwa zinavuja na kipuri hakikuja. Bomba likafungwa kwa mpira na waya. Siku moja mashini ikateleza kwenye mteremko mdogo, ikamkanyaga mguu msaidizi wetu. Leo anatembea kwa fimbo. Wengine walisema ni bahati mbaya. Mimi nasema ajali ile ilianza siku ya kununua.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, muuzaji ajibu maswali haya:

1. MATAIRI. Mashini yenye matairi madogo magumu ni ya sakafu laini. Katika uwanja wetu wa udongo na mashimo inapinduka upesi. Je, anayo ya ardhi mbaya?

2. MOSHI. Injini ya mazuti ndani ya ghala lililofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Ya betri haitoi moshi, lakini inataka umeme wa uhakika na sakafu ngumu. Tunavyo?

3. KIBAO CHA UZITO. Kikiandikwa kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake uzito huo unainuliwa ikiwa kitovu cha mzigo kiko milimita 500 kutoka mgongo wa meno. Sanduku refu husogeza kitovu mbele, na mashini inainua pungufu. Ni kama mzani: magurudumu ya mbele ndiyo egemeo. Mashini isiyo na kibao isipokelewe.

4. MASHINI ILIYOKWISHA KUTUMIKA. Pimeni meno pale yanapopindika. Yakiwa yamelika sehemu moja ya kumi ya unene wake, yatupwe. Angalieni pia paa la kumkinga dereva, mkanda na honi.

5. MAFUNZO. Nani atamfundisha dereva wetu? Lazima ajue kwamba mashini ikipinduka haruki nje: anabaki na mkanda, anashika usukani, anaegemea upande usioanguka. Wengi wanaoruka hupondwa na paa.

Mtu atasema, "Haya ni mambo ya wakubwa." Sivyo. Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka kamati za usalama na usafi kazini. Wajumbe wa kamati, dereva na fundi waitwe wasikie majibu ya muuzaji kabla feza haijatoka. Wao ndio watakaosimama karibu na meno yale kila siku.

Na kama hakuna muuzaji anayeweza kujibu? Basi tuendelee na ubao wa kuteremshia na mnyororo wa kuinulia, watu wakiwa wa kutosha. Kazi itachelewa, lakini jioni tutarudi nyumbani wazima.

Wandugu, rahisi ni ghali. Tusinunue mashini leo, kesho tukailipa kwa mguu wa mwenzetu.

USALAMA KWANZA!